Lugha ya Mulili: Francis Imbuga, John Ruganda na Suala la Lugha Jukwaani

Utangulizi

Francis Imbuga (1947–2012) alizaliwa Maragoli, katika iliyokuwa Wilaya ya Kakamega na ambayo leo ni sehemu ya Kaunti ya Vihiga. Aliandika tamthilia na riwaya kwa Kiingereza, akaandika pia kwa Kilogooli, lugha ya nyumbani kwao. Katika uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki amezoeleka kusomwa kwa njia mbili. Ama husomwa peke yake, kama bingwa wa kuchekesha. Ama husomwa kando ya Ngũgĩ wa Thiong'o, na katika mizani hiyo daima huonekana mwepesi. Inasemwa kwamba Ngũgĩ alisema wazi na kufungwa, ilhali Imbuga alicheka na kuachwa huru. Inasemwa tena kwamba Ngũgĩ aliiacha lugha ya mkoloni, ilhali Imbuga aliing'ang'ania.

Makala haya yanadai kwamba mizani hiyo haitoshi. Imbuga alikuwa mtu wa kundi. Alikuwa mwigizaji kabla ya kuwa mwandishi mashuhuri, na sanaa yake ilikomaa miongoni mwa waigizaji, waelekezi na watunzi wa rika lake. Kati ya hao wote, aliyekuwa karibu naye zaidi kisanaa ni Mganda John Ruganda (1941–2007). Uhusiano wao una jambo lisilo la kawaida katika historia ya fasihi yetu: kila mmoja aliandika utafiti mzima juu ya kazi za mwenzake. Tukimsoma Imbuga katika ujirani huo, suala la lugha linaonekana kwa sura nyingine. Jibu lake kwa suala hilo halimo katika tamko lolote. Limo katika namna anavyowapa kauli wahusika wasiojua Kiingereza.

Neno "usasa" linatumiwa hapa kwa maana finyu. Linamhusu mtunzi asiyeridhika kulitumia jukwaa kama dirisha la kutazamia jamii, bali hulifanya jukwaa lenyewe, pamoja na lugha inayonenwa juu yake, kuwa suala la kuulizwa. Kwa maana hiyo Imbuga na Ruganda ni wanausasa wote wawili, ingawa hakuna kati yao aliyejinadi hivyo.

Kizazi cha jukwaa

Imbuga alisoma katika Shule ya Upili ya Alliance, ambako aliandika na kuigiza tamthilia ya Omolo akiwa bado mwanafunzi. Kutoka hapo alijiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakati huo idara ya fasihi ilikuwa imetikiswa na waraka wa mwaka 1968 wa Ngũgĩ, Henry Owuor Anyumba na Taban lo Liyong, uliotaka fasihi ya Kiafrika iwe kitovu cha mafunzo. Mghana Joe de Graft alikuwa mwalimu wa tamthilia hapo Nairobi. Mchezo wake Muntu uliandikwa kwa ajili ya mkutano mkuu wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni uliofanyika katika jiji hilo mwaka 1975. Kenneth Watene alikuwa amekwisha kuchapisha My Son for My Freedom (1973) na Dedan Kimathi (1974). Televisheni ya Sauti ya Kenya nayo ilihitaji michezo, na Imbuga aliiandikia na kuiigizia michezo mingi.

Uganda nayo ilikuwa ikiwamwaga watu wake. Utawala wa Idi Amin, ulioanza mwaka 1971, uliwafukuza wasanii wengi wa Kampala, na Nairobi ikawa kimbilio lao. Robert Serumaga, mtunzi wa A Play (1967) na Majangwa (1974), alifia Nairobi mwaka 1980. Ruganda, aliyekwisha kuchapisha The Burdens mwaka 1972, alihamia Nairobi, akafundisha katika Chuo Kikuu na kuliongoza kundi la maigizo la kusafiri. Mfano wa kundi hilo ulitoka Makerere, ambako kundi kama hilo lilianza mwaka 1965 kwa kupeleka michezo kwa watu mahali walipo, bila ada ya kiingilio. Wasanii hawa walikuja na mbinu zao, lakini pia walikuja na hofu. Walijua kwa uzoefu kwamba neno likitamkwa ovyo laweza kumgharimu mtu roho.

Tukio linalokiweka kizazi hiki pamoja ni la mwaka 1976. Kenya ilikuwa ikijiandaa kwa tamasha la FESTAC lililofanyika Lagos mapema mwaka 1977, na michezo miwili iliteuliwa: The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo, ikielekezwa na Seth Adagala, na Betrayal in the City ya Imbuga, ikielekezwa na Tirus Gathwe. Makundi hayo mawili yalipoomba kuonyesha michezo yao katika Jumba la Maonyesho la Taifa jijini Nairobi, yalikuta kwamba siku zilizofaa zaidi zimetengewa baleti ya Kifaransa na mchezo wa muziki wa kundi la Wazungu wakaazi. Yaliambulia siku chache tu. Ngũgĩ ameisimulia aibu hiyo katika maandishi yake ya kihakiki. Imbuga aliirejelea hali ya jumba hilo na ya wasanii wake kwa njia ya kubuni katika riwaya yake Shrine of Tears (1993).

Tukio hili lapaswa kukumbukwa kila inapodaiwa kwamba Imbuga alipendwa na serikali kwa sababu hakusema kitu. Kimathi na Betrayal zilipelekwa Lagos na serikali ileile, mwaka uleule. Kama kuteuliwa na dola ni dalili ya woga wa mtunzi, basi dalili hiyo inawahusu watunzi wote watatu. Dola haikutishwa na maneno ya michezo hiyo miwili. Ilikuja kutishwa mwishoni mwa mwaka 1977 na Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, iliyochezwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kwa Kigĩkũyũ, na watu wa kijiji wenyewe. Mchezo ulipigwa marufuku na Ngũgĩ akatiwa kizuizini tarehe 31 Desemba mwaka huo. Kilichobadilika kati ya mwaka 1976 na 1977 si ukali wa ujumbe pekee. Ni lugha na hadhira. Suala la lugha, basi, haliepukiki katika kumhakiki Imbuga. Linalohitajika ni kuliuliza vizuri.

Watunzi wawili wanasomana

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Imbuga alikamilisha tasnifu yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Mada yake ilikuwa tamthilia za John Ruganda, mielekeo ya dhamira zake na mazingira yaliyozizaa. Mwaka 1992 Ruganda naye akachapisha jijini Nairobi kitabu cha uhakiki kiitwacho Telling the Truth Laughingly, kinachohusu siasa katika tamthilia za Imbuga. Si kawaida kwa watunzi wawili wa jukwaa moja, wanaogombea hadhira ileile na wachapishaji walewale, kupeana heshima ya kusomana kwa kina namna hii. Mara nyingi watunzi wa rika moja husemana katika mahojiano na vijembe vya magazeti.

Jina la kitabu cha Ruganda, ambalo maana yake ni kusema ukweli kwa kucheka, limenukuliwa mara nyingi kana kwamba ni sifa tupu. Kumbe ni hoja. Ruganda anauchukua ucheshi wa Imbuga kuwa aina ya uficho ulio wazi: mtunzi anajificha kwa namna ambayo mwenye macho atamwona. Nchi ya kubuni, mwendawazimu asiyeshikika kwa maneno yake, mcheshi wa baraza na mlevi ni vinyago ambavyo kila mtazamaji anajua ni vinyago. Msomaji mwingine asingeiona hoja hii upesi kama alivyoiona Ruganda, maana yeye mwenyewe alikuwa ametoka mahali ambapo vinyago vilivaliwa kwa ajili ya kuokoa maisha. Anapoueleza uficho wa Imbuga, anaeleza pia sharti la kazi yake mwenyewe.

Kwa upande mwingine, uamuzi wa Imbuga wa kumweka Ruganda katika mazingira yake ni wa kuzingatiwa. Mtunzi aliyelaumiwa kwa kuzificha nchi halisi nyuma ya majina ya kubuni alitumia miaka ya utafiti kueleza jinsi hali halisi za Uganda na uhamisho zinavyozizaa tamthilia za mwenzake. Hakuwa mtu asiyejua uzito wa mahali na wakati. Alijua, akachagua kuyasema hayo katika uhakiki na kuyafumba katika sanaa.

Mchezo ndani ya mchezo

Ukaribu wa watunzi hawa unaonekana zaidi katika mbinu moja wanayoipenda wote wawili, yaani mchezo ndani ya mchezo. Katika The Burdens, Wamala ni waziri wa zamani aliyeanguka na kufungwa, na sasa anaishi katika ufukara pamoja na mkewe Tinka na watoto wao. Katika sehemu muhimu ya mchezo, mume na mke wanaigiza ziara ambayo Wamala anataka kuifanya kwa tajiri Kanagonago ili amuuzie mawazo yake. Tinka anajitwika nafsi ya tajiri. Kinachoanza kama mazoezi ya kuomba msaada kinageuka kuwa hukumu: mke, akiwa amevaa sauti ya mwingine, anapata ruhusa ya kumwambia mumewe yale ambayo asingeweza kumwambia kwa sauti yake. Mchezo huo wa ndani haumwokoi yeyote. Unalegeza kifuniko cha chuki, na mwisho wake ni mauaji.

Katika Betrayal in the City (1976), Jusper, kijana ambaye jamii inamwona kuwa mwenye kichaa, anaandika mchezo wa kumtumbuiza kiongozi wa nchi ya kigeni anayetarajiwa kuzuru Kafira. Wafungwa, akiwamo mhadhiri Mosese, wanatakiwa waigize ili kumpendeza mgeni. Wakati wa mazoezi, silaha za kuigizia zinageuka kuwa silaha za kweli, na mazoezi yanakuwa mapinduzi. Boss, mtawala wa Kafira, anashikwa akiwa amekaa kama mtazamaji.

Tukizilinganisha sehemu hizi mbili, tofauti ni ya maana kuliko mfanano. Kwa Ruganda, kuigiza kunafanyika nyumbani, kati ya watu wawili waliochoshana, na ukweli unaofichuliwa unaiangamiza nyumba. Kwa Imbuga, kuigiza kunafanyika mbele ya dola, na ukweli unaofichuliwa unaiangusha dola. Kwa hiyo Imbuga anaonekana kuwa na matumaini makubwa zaidi juu ya uwezo wa sanaa. Hata hivyo, matumaini hayo yana dosari ambayo mchezo wenyewe hauifichi. Mapinduzi ya Jusper yanafaulu kwa sababu dola ilijenga jukwaa kwa mkono wake: ilitoa agizo la mchezo, ikatoa wafungwa, ikatoa nafasi. Bila agizo la dola pasingekuwa na mchezo. Huu ndio mkao wa Imbuga mwenyewe mwaka 1976, akisubiri siku chache za Jumba la Maonyesho la Taifa na tiketi ya kwenda Lagos. Betrayal ni mchezo unaojua kwamba umeagizwa, na swali lake la ndani ni kama kilichoagizwa chaweza kumgeukia aliyekiagiza.

Imbuga alirudi Kafira mwaka 1984 kwa Man of Kafira, ambamo Boss yuko uhamishoni. Mwaka huohuo Wole Soyinka alichapisha A Play of Giants, ambayo mmoja wa madikteta wake anafanana waziwazi na Idi Amin. Soyinka anawavimbisha madikteta hadi wanakuwa mazimwi. Imbuga anamtazama dikteta baada ya kiti kumponyoka, akiwa mgeni wa watu. Si vigumu kuona kwamba mtazamo huu wa pili unamfaa zaidi mtu aliyeishi jirani na wahamishwa wa kweli.

Kiswahili ndani ya Kiingereza

Imbuga aliandika Kiingereza chenye mlango wa siri. Jina Kafira ni herufi za Afrika zilizopangwa upya. Ila kitendawili hiki hakiteguliki kwa tahajia ya Kiingereza, ambayo huliandika jina la bara kwa herufi c. Kinateguliwa kwa tahajia ya Kiswahili. Isitoshe, sikio la Mswahili linasikia humo mwangwi wa "kafiri", neno la dini lenye hukumu ndani yake. Vivyo hivyo kwa Tumbo, afisa anayesimamia uteuzi wa mchezo wa kumkaribisha mgeni na kujinufaisha kwa fedha zilizotengwa. Msomaji wa London atalipokea jina hilo kama jina lolote la Kiafrika; mwanafunzi wa Mbale au Lurambi atacheka kabla mhusika hajafungua kinywa.

Haya si mapambo. Yanaonyesha kwamba maandishi ya Imbuga yana hadhira mbili na kwamba hadhira ya karibu ndiyo iliyopewa ufunguo. Yanaeleza pia kwa nini Betrayal iliingia katika Kiswahili kwa wepesi ilipofasiriwa kwa jina la Usaliti Mjini: baadhi ya kazi ya mfasiri ilikuwa imekwisha kufanywa na mtunzi. Lakini hoja hii ikiachwa hapa itakuwa ya kumsifu tu, na katika mchezo huohuo mna jambo linalostahili kuhojiwa kwa ukali zaidi.

Mulili, Kyeyune na wazee wa Membe

Mulili ni binamu ya Boss. Hana elimu, ana tamaa, na ukaribu wake na mtawala unamwezesha kumwangamiza Kabito kwa sababu ya zabuni ya maziwa. Hatimaye Boss anaposhikwa, Mulili anakuwa wa kwanza kumkana. Kinachomtambulisha kwa hadhira ni Kiingereza chake kilichovunjika. Karibu kila akisema, ukumbi hucheka.

Swali la mhakiki ni hili: Mulili anavunja nini? Watu wa Kafira ni Waafrika wa nchi ya kubuni. Doga na Nina, wazazi wa Jusper, ni wazee wa kijijini, na Kiingereza chao jukwaani ni sanifu kwa sababu hadhira inakubali mapatano ya kawaida ya jukwaa, kwamba wanachosema kimefasiriwa kutoka lugha yao. Mapatano hayo yanamhusu kila mtu isipokuwa Mulili. Kwake yeye peke yake Kiingereza kinakuwa Kiingereza kweli, lugha ya ofisi ambayo hakufundishwa. Kwa hiyo anachekwa kwa kosa ambalo wahusika wengine wamesamehewa na mtunzi.

Kicheko hicho kina upande wa haki. Kinafichua dola inayompa mamlaka mtu asiye na sifa kwa sababu ya damu. Lakini kina upande wa pili. Waliocheka katika Jumba la Maonyesho la Taifa walikuwa watu waliopitia Alliance na shule za namna yake. Wakimcheka Mulili, walikuwa pia wakijipongeza kwa sarufi yao. Uovu wa Mulili unatokana na ubinamu wake na Boss, lakini kicheko kinaelekezwa kwenye ulimi wake, na hapo tashtiti inakosa shabaha. Mtu mwovu mwenye Kiingereza safi, kama Tumbo, anaponyoka na dhihaka nyepesi zaidi. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote inayoweza kutolewa dhidi ya Imbuga wa mwaka 1976, na inahusu namna alivyoigawa lugha kati ya wahusika wake. Madai kwamba aliiogopa serikali hayaigusi hoja hii hata kidogo.

Ruganda alilikabili tatizo hilohilo katika The Floods (1980). Mchezo huo hautumii matendo ya kawaida. Umegawanywa katika mawimbi, nao umewekwa kisiwani katika Ziwa Viktoria. Humo yumo Kyeyune, mvuvi mzee. Kama Mulili, si mtu wa shule. Lakini Kyeyune anapoeleza jinsi nyavu zilivyoopoa maiti kutoka ziwani, kauli yake ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko zote katika mchezo. Bwogo na Nankya, wenye elimu na wenye madaraka, wanatumia Kiingereza chao kuumizana na kukwepana. Mvuvi ndiye anayesema kilichotokea. Ruganda amemrudishia mzee yale mapatano ya jukwaa ambayo Mulili alinyimwa: hadhira inaelewa kwamba Kiingereza hiki ni tafsiri, na kwamba nyuma yake ipo lugha timamu yenye taratibu zake.

Miaka 12 baada ya Betrayal, Imbuga alichapisha Aminata (1988), mchezo unaohusishwa na mkutano wa kimataifa wa wanawake uliofanyika Nairobi mwaka 1985. Aminata ni wakili ambaye baba yake, Mchungaji Ngoya, amemwachia ardhi katika kijiji cha Membe. Mjomba wake Jumba, mkuu wa kijiji, pamoja na kaka yake Ababio, wanapinga mwanamke kurithi. Suala hilo halikuwa la kubuni. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyopitishwa mwaka 1972, ilianza kutumika mwaka 1981, na mwaka 1987 kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno iliigawanya nchi kuhusu mila na sheria, mjane na ukoo.

Kwa mintarafu ya hoja yetu, la kuangaliwa ni jinsi wazee wa Membe wanavyosema. Wengi wao hawana shule, na baadhi yao wamo katika mchezo kwa ajili ya kuchekesha. Hata hivyo Kiingereza chao hakivunjiki. Ni Kiingereza kilichopinda kufuata mwendo wa lugha nyingine: kinazunguka, kinaanzia mbali, kinaegemea methali, kinampa mkubwa nafasi yake kabla ya kumpinga. Yeyote aliyewahi kukaa katika baraza la wazee Maragoli, Isukha au Bunyore atautambua mwendo huo. Jumba amekosea katika hoja yake juu ya mwanamke, na mchezo unamwonyesha kuwa amekosea, lakini hakosei kwa sababu hajui kusema. Anashindwa akiwa mzungumzaji kamili. Kicheko cha Aminata kinatua juu ya fikra za wazee, si juu ya ndimi zao.

Haidaiwi hapa kwamba Kyeyune ndiye aliyemzaa Jumba. Athari za namna hiyo ni vigumu kuthibitisha, na baina ya watu wanaokutana katika mazoezi na semina hazifuati njia moja. Inatosha kuona kwamba kati ya Mulili na wazee wa Membe kuna mabadiliko makubwa, na kwamba katika kipindi hichohicho mwenzake wa karibu alikuwa akilifanyia kazi tatizo lilelile, kwa ufumbuzi ulio karibu na ule aliokuja kuufikia Imbuga.

Kilogooli

Kati ya Betrayal na mwisho wa miaka ya 1980 kuna kazi nyingine ambayo uhakiki umeipita haraka. Imbuga aliandika kitabu kwa Kilogooli, Lialuka lya Vaana va Magomere. Mwongo huo ndio uliotoa Decolonising the Mind (1986), ambamo Ngũgĩ alitangaza kuagana na Kiingereza. Imbuga hakutangaza kitu. Aliandika kwa lugha ya mama kisha akaendelea na Kiingereza, kana kwamba kufanya hivyo hakukuhitaji maelezo.

Kimya hicho kinaweza kulaumiwa. Harakati huhitaji matamko, na lugha ndogo huhitaji mtu mashuhuri wa kuipigia debe. Lakini historia ya Maragoli inasaidia kukielewa. Kilogooli ni mojawapo ya lugha za Magharibi mwa Kenya zilizotangulia kuandikwa. Wamisheni wa Friends walifika Kaimosi mwaka 1902, na kazi ya kutafsiri iliyoongozwa na Emory Rees pamoja na wasaidizi wenyeji ilizaa Agano Jipya mwaka 1925. Biblia kamili ilifuata mwaka 1951. Mtoto aliyezaliwa Maragoli mwaka 1947 alikulia katika lugha yenye kitabu, inayosomwa kwa sauti kila Jumapili. Kwake, kuandika Kilogooli halikuwa jambo la kuasi. Lilikuwa jambo la nyumbani. Mchungaji Ngoya wa Aminata ni zao la historia hiyohiyo.

Ila kuna tofauti moja ambayo haifai kufichwa. Kamĩrĩĩthũ ilikuwa jukwaa, na Lialuka ni kitabu. Kigĩkũyũ cha Limuru kilisemwa na waigizaji wa kijiji mbele ya wanakijiji wenzao. Imbuga, mwigizaji tangu ujana, hakuiacha nyuma yake tamthilia ya Kilogooli yenye nafasi kama ya Betrayal. Lugha yake ya mama ilisikika jukwaani kwa njia ya Kiingereza cha wazee wa Membe. Huo ni ufumbuzi wa kisanaa wenye thamani, na pia ni mpaka. Mwanamke wa Chavakali ambaye hakusoma Kiingereza angeweza kuyatambua mambo yote ya Aminata isipokuwa maneno yake.

Hitimisho

Ngũgĩ na Imbuga waliondoka Nairobi mwaka mmoja wakiwakilisha nchi moja, kisha njia zao zikaachana. Uhakiki uliozoea kuwapima kwa kipimo kimoja umempa Ngũgĩ haki yake, lakini umemfanya Imbuga aonekane kama Ngũgĩ aliyepungua. Akisomwa karibu na Ruganda, anaonekana mtu mwenye tatizo lake mwenyewe: jinsi ya kumwandikia kauli, kwa Kiingereza, mtu asiyekijua, bila ya kumdhalilisha. Mwaka 1976 alishindwa, na kushindwa huko kumechekesha vizazi. Mwaka 1988 alifaulu kwa kiasi kikubwa. Usasa wake umo katika safari hiyo.

Jambo hili lina uzito hasa Magharibi mwa Kenya. Betrayal in the City imewahi kuteuliwa kuwa kitabu cha lazima katika shule za sekondari, na bado huigizwa na wanafunzi. Katika kumbi za shule za Kakamega na Vihiga, nafasi ya Mulili hugombewa, maana ndiyo yenye vicheko. Wanaocheka ni vijana ambao nyanya na babu zao wengi husema Kiingereza kama cha Mulili au hawakisemi kabisa. Mwalimu anayefundisha mchezo huo bila kuuliza kicheko hicho kinamlenga nani anaiacha kazi ya Imbuga nusu. Nusu ya pili imo Membe, na imo katika kitabu cha Kilogooli ambacho wasomi wa lugha na fasihi wa eneo hili wanawajibika kukitafuta, kukisoma na kukihakiki kwa kina kilekile walichompa Mulili.